Nani Aliyelala? Nafsi, Usingizi na Uamsho katika Nyimbo na Mahubiri ya Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Wimbo wa kwaya na mahubiri ni tanzu mbili za fasihi simulizi ya Kiswahili zenye wasikilizaji wengi mno mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hata hivyo, wahakiki wetu wamezipita kando, tena kwa sababu mbili zinazopingana. Katika miaka ya 1970 na 1980 uhakiki uliotawala Dar es Salaam uliipima kazi ya sanaa kwa mchango wake katika ukombozi wa mnyonge. Kwa kipimo hicho dini ilihesabiwa mara nyingi kuwa kasumba, na wimbo wa kanisani haukupewa nafasi kubwa. Kwa upande wa pili, waumini wenyewe huuona wimbo kuwa sala, na sala haihakikiwi. Hivyo basi, yule asiyeamini hakuona sababu ya kuusikiliza wimbo kwa makini, na yule anayeamini hakuona ruhusa ya kuuhoji.

Makala haya yananuia kuchunguza dhamira moja tu ya tanzu hizo, yaani malalamiko kwamba kanisa limelala na hamu ya kuliona likiamka. Dhamira hii husikika katika ibada za Jumapili, katika makesha na katika mikutano ya injili. Tutajiuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la kisarufi: anapotajwa aliyelala, hutajwa katika nafsi ipi? Hoja yetu ni kwamba jibu la swali hili latosha kutuonyesha kama wimbo unamwamsha msikilizaji au unambembeleza. Tunazungumzia mtindo wa jumla wa utunzi, wala hatumlengi mtunzi wala kwaya yoyote. Sentensi za mfano zilizomo tumeziunda wenyewe.

2. Mazingira ya tanzu hizi

Fizi ni wilaya ya kusini mwa jimbo la Kivu Kusini, na Baraka ni mji wake ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Upande wa pili wa ziwa, kuelekea kusini-mashariki, ndiko Kigoma na Ujiji, na njia za kale za misafara zilizokileta Kiswahili bara zilipita humo. Wenyeji wengi wa wilaya hii ni Wabembe. Katika nyanda za juu za Itombwe na Minembwe wanaishi pia Wanyamulenge, pamoja na Wafuliiru na Wanyindu. Kila jamii ina lugha yake nyumbani, lakini sokoni na kanisani watu hawa hukutana kwa Kiswahili.

Ukristo wa Kiprotestanti una mizizi mirefu katika eneo hili. Wapentekoste wa Sweden walianza kazi upande wa Uvira mwaka 1921, na wenzao wa Norway wakafuata katika Kivu miaka hiyo hiyo ya 1920; kutokana na kazi zao zimezaliwa jumuiya zinazojulikana leo kwa vifupisho vya CEPAC na CELPA. Wamethodisti Huru nao wana kazi kubwa Baraka na Nundu, na hospitali ya Nundu ni miongoni mwa matunda yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba jumuiya hizi zimekuwa na waumini wa makabila yote yaliyotajwa. Mbembe na Munyamulenge wamefundishwa mistari ile ile na wameimba tenzi zile zile.

Hapa ndipo uzito wa suala letu ulipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, kuhusu uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, inaeleza mauaji ya raia Wanyamulenge mwezi Septemba 1996 katika sehemu za Lueba, Mboko na Baraka. Inaeleza pia mauaji ya raia huko Makobola, kuanzia mwisho wa Desemba 1998 hadi mwanzo wa Januari 1999, yaliyofanywa na majeshi ya upande wa pili. Makumi ya maelfu walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na Wabembe wengi wa Fizi waliishi humo na kuanzisha kwaya zao. Kuanzia mwaka 2017 vijiji vingi vya nyanda za juu, vya jamii zote, viliteketezwa tena. Katika muda huo wote makanisa hayakukauka watu, na mwito wa uamsho haukukoma kuimbwa.

3. Msamiati wa usingizi na moto

Msamiati wa dhamira hii umetoka katika Biblia, na hasa katika tafsiri ya muungano ya mwaka 1952. Maneno makuu ni manne: usingizi, uvuguvugu, moto na uamsho. Tuyatazame moja moja, kwa kuwa kila moja lina maana ambayo watunzi hawaitumii yote.

Taswira ya usingizi hutolewa aghalabu katika mfano wa wanawali kumi, Mathayo sura ya 25. Katika nyimbo nyingi, wanawali watano wapumbavu huchukuliwa kuwa ndio waliolala, na watano wenye busara kuwa ndio waliokesha. Msomaji akirudi katika sura yenyewe ataona kwamba wote kumi walisinzia. Kilichowatenganisha kilikuwa mafuta, yaani maandalizi yaliyofanywa kabla ya usingizi. Kosa hili la usomaji lina athari kubwa kwa maudhui. Likishaingia katika wimbo, waimbaji hupata kundi la waliokesha la kujiweka ndani yake, hali mfano wenyewe haukuwapa kundi hilo.

Neno la pili ni uvuguvugu, dhambi ya kanisa la Laodikia katika Ufunuo sura ya 3. Maana yake katika muktadha huo ni hali ya maji yasiyo baridi wala moto. Lakini Kiswahili kina vuguvugu jingine. Tangu mabadiliko ya kisiasa ya mwanzo wa miaka ya 1990, husemwa vuguvugu la mageuzi, kwa maana ya msukosuko wa watu wanaodai jambo jipya. Neno lile lile, basi, hutaja upoaji na pia hutaja fukuto. Fizi haijawahi kupungukiwa na vuguvugu la aina hii ya pili. Uasi wa 1964 ulikuwa na ngome yake huko; mwaka 1965 Che Guevara alikaa miezi kadhaa katika milima yake; na mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha humo chama chake cha PRP. Muumini wa Fizi anapohubiriwa dhidi ya uvuguvugu, huambiwa kwamba tatizo lake ni upungufu wa joto. Historia ya wilaya yake inashuhudia kwamba joto lilikuwapo siku zote, na kwamba lililokosekana lilikuwa jingine.

Neno la tatu ni moto. Katika lugha ya Kipentekoste moto ni ishara ya Roho Mtakatifu, na kuomba moto ushuke ni sala ya kawaida. Hatuna ugomvi na ishara hii, maana imo katika Matendo ya Mitume. Tunachouliza ni namna inavyopokelewa na hadhira ambayo imeona moto ukiwa juu ya paa za nyasi. Mtunzi anayeimba moto mbele ya watu waliochomewa nyumba ana fursa ya kisanaa ambayo mtunzi wa mji wenye amani hana. Angeweza kuutofautisha moto unaoteketeza na ule uliowaka katika kijiti bila kukiunguza, alioushuhudia Musa. Fursa hii haitumiki mara nyingi. Moto huombwa kana kwamba neno hilo halijapata maana nyingine tangu siku ya Pentekoste.

Neno la nne, uamsho, linastahili uchambuzi wa kimofolojia. Kitenzi amka kinamwonyesha mtu anayetoka usingizini mwenyewe, na nomino yake ni mwamko. Kitenzi amsha kiko katika kauli ya kutendesha: yupo anayeamsha na yupo anayeamshwa, na nomino yake ni uamsho. Siasa ya Afrika Mashariki ilichagua mwamko. Kanisa likachagua uamsho. Kiteolojia uchaguzi huo una sababu, kwani mwamini hukiri kwamba hawezi kujiamsha pasipo neema. Lakini sarufi ya neno inaruhusu pia jambo ambalo teolojia haikulikusudia, yaani kungoja. Aliyelala akijua kwamba kuamshwa ni kazi ya mwingine, anaweza kuimba hamu ya kuamshwa miaka hamsini bila kuinua kichwa. Katika hali hiyo hamu yenyewe huwa mto wa kulalia.

Aidha, katika Kongo neno hili limepata matumizi ya kitaasisi. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa imeyatambua makanisa machache tu, na Waprotestanti wakawekwa chini ya mwavuli mmoja wa Kanisa la Kristo. Baada ya Mobutu kutangaza mfumo wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, yalichipuka kwa wingi makanisa mapya yaitwayo makanisa ya uamsho. Hivyo tukio likawa jina la aina ya kanisa, na neno likaandikwa juu ya mlango. Mtu huweza leo kuwa mshirika wa uamsho kwa kuandikishwa. Msomaji wa Ufunuo atakumbuka kwamba kanisa la Sardi, jirani wa Laodikia katika sura ile ile, lilishutumiwa kwa jambo hilo hilo: kuwa na jina la uhai bila uhai.

4. Nafsi ya aliyelala

Tutazame sasa nafsi. Mtunzi anayetaka kusema kwamba kuna usingizi ana njia nne za msingi:

(a) Watu wamelala.
(b) Mmelala.
(c) Tumelala.
(d) Nimelala.

Njia ya (a) hutawala katika nyimbo za siku za mwisho. Walimwengu wamelala, watu wa Nuhu walilala, wa Sodoma walilala. Nafsi ya tatu humweka msikilizaji mahali pa mtazamaji. Anaona gharika kwa mbali, akiwa ameketi safinani. Kwa wilaya iliyogawanyika kikabila hatari yake ni dhahiri: kiambishi wa- hakina jina, na kila msikilizaji hukijaza kwa watu anaowachukia tayari. Wimbo uliotungwa kuwahusu wenye dhambi unaweza kusikilizwa kama wimbo unaowahusu watu wa bondeni au watu wa mlimani, pasipo mtunzi kubadili silabi hata moja.

Njia ya (b) ni ya mahubiri. Mhubiri husimama upande wa Mungu na kuwakemea walioketi. Desturi hii ni ya manabii, na ina heshima yake. Hata hivyo nabii wa Agano la Kale alikuwa akiwakabili wafalme, ilhali mhubiri wa leo aghalabu huwakemea wajane na vijana wasio na kazi. Anayekemewa kwa uvuguvugu huenda alilala porini juma zima.

Njia ya (c) huonekana kuwa ya unyenyekevu, na huenda ndiyo inayopendwa zaidi katika viitikio. Lakini wingi huu una udhaifu wake. Kitenzi tumelala au tumekosa hakina yambwa: hakisemi tumemkosea nani, lini, wala kwa kitu gani. Kwa kuwa ni ungamo la wote, hakuna hata mmoja anayelibeba akirudi nalo nyumbani. Takriri ya kiitikio, ambayo kifani ni nguzo ya wimbo wa kwaya, huongeza udhaifu huo. Ungamo linaloimbwa mara kumi na mbili kwa sauti nne na magitaa hugeuka kuwa burudani ya kuungama.

Njia ya (d) ni adimu. Uadimu huo ndio tunaoutaja kuwa alama ya kifani ya kuridhika kiroho.

5. Mifano mitatu ya kulinganisha

Huenda msomaji akasema kwamba nafsi ya kwanza umoja si desturi ya ushairi wetu, ambao ni wa jamii. Fasihi ya Kiswahili inakanusha dai hilo. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 19 au karibu na hapo, mshairi anayatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na karamu, na sasa yana popo na vumbi. Alikuwa na nafasi nzuri ya kuwalaumu mabwana wa Pate. Badala yake anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuliza kwa nini hauzinduki kutokana na ulimwengu. Maangamizi ya mji yanakuwa hoja dhidi ya anayesema. Ni mfano wa Kiislamu, lakini ni mali ya kila mtunzi wa Kiswahili, na mtunzi wa Baraka anayetazama mabaki ya kijiji ana haki ya kuurithi.

Mfano wa pili ni Uamsho wa Afrika Mashariki wenyewe. Ulianza kati ya Waanglikana wa Uganda na Rwanda, na kituo cha Gahini ndicho kilichokuwa kitovu chake katika miaka ya 1930. Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, alikusudia kuieleza sinodi ya Uganda juu ya ubaridi wa kanisa, lakini alifariki Januari 1936 kabla ya kufanya hivyo. Mwito wake wa Kiganda, Zukuka, yaani amka, ulifanywa kauli mbiu ya maadhimisho ya miaka 60 ya kanisa hilo mwaka 1937. Kilichotuvutia kama wahakiki ni mpangilio wa kifani wa mikutano ya Balokole. Mtu alisimama, akataja kosa lake kwa nafsi ya kwanza na kwa yambwa: aliiba kitu fulani, cha mtu fulani, na amekirudisha. Baada ya ushuhuda huo ndipo wote walipoimba Tukutendereza Yesu. Kiambishi tu- cha wimbo kilitanguliwa na ni- ya ushuhuda. Kwaya ya jukwaani imeurithi wimbo wa pamoja bila kuurithi ushuhuda uliouzaa, ndiyo sababu wingi wake unasikika kuwa mtupu.

Mfano wa tatu umetoka Kongo kwenyewe. Katika miaka ya 1950, huko Katanga, padri Mfransisko Placide Tempels, mwandishi wa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945, alikuwa chimbuko la vuguvugu la Wakatoliki lililojiita Jamaa. Johannes Fabian, aliyelichunguza na kuandika kitabu juu yake mwaka 1971, ameonyesha jinsi mafundisho yake ya Kiswahili yalivyojengwa juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Jina la vuguvugu hilo linastahili kuzingatiwa. Halikutaja hali ya mtu binafsi, awe macho au usingizini, lilitaja uhusiano. Anayejiita mtu wa jamaa huulizwa mara moja, jamaa na nani?

6. Pingamizi mbili

Yapo mapingamizi mawili ambayo lazima yajibiwe. La kwanza ni la kihistoria: nafsi ya kwanza umoja haikuliokoa eneo la Maziwa Makuu. Rwanda, nchi iliyo na Gahini, ndiyo iliyoshuhudia mwaka 1994 watu wakiuawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Makanisa hayo yalikuwa ya Kikatoliki na Uamsho ulikuwa wa Kianglikana, lakini swali halikwepeki kwa tofauti hiyo. Tunakiri kwamba ungamo la wizi wa jembe au la ulevi linaweza kufanywa kikamilifu na mtu asiyewahi kuungama chuki ya kabila. Hata hivyo historia hiyo hiyo ina upande wa pili. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, Wakikuyu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo, na wengine walikataa pia kushika silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Tofauti imo katika yambwa. Ungamo huenda mbali kama yule anayetajwa ndani yake.

Pingamizi la pili ni la hali halisi, nalo ni zito zaidi. Katika eneo lenye makundi yenye silaha, anayesema hadharani "nilifanya" au "niliona" anaweza kuuawa kabla ya jua kuchwa. Wingi usio na yambwa huwa kinga. Pia ni haki kukumbuka kwamba kwaya za kambini ziliwapa wakimbizi vijana kazi, nidhamu na sababu ya kuamka asubuhi, na huduma hiyo si ndogo. Kwa hiyo hatumwambii mtunzi wa Fizi aweke majina ya watu katika beti zake. Tunasema kwamba sanaa ina njia za kusema ukweli ambazo ushuhuda wa mahakamani hauna. Mafumbo, visasili vya Biblia na nafsineni ya kubuni vimetumika katika Kiswahili kwa karne nyingi kwa sababu hiyo hiyo. Kaini, aliyeulizwa yuko wapi ndugu yake, anaweza kuimbwa kwa nafsi ya kwanza katika Baraka bila mtu yeyote kushtakiwa, na kila aliye kanisani ataelewa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuridhika kiroho, ambako nyimbo na mahubiri hukulalamikia, kunaweza kujificha ndani ya malalamiko yenyewe. Kunajificha katika nafsi ya tatu inayomlaza jirani, katika wingi usio na yambwa, na katika nomino inayomwachia mwingine kazi ya kuamsha. Fani hapa si vazi la maudhui; fani ndiyo iliyoamua nani atoke ibadani akiwa na deni na nani atoke akiwa amefurahi.

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, nyimbo za kwaya za Kivu Kusini na za kambi za Kigoma zikusanywe pamoja na tarehe na mahali zilipotungwa, na zichambuliwe kama fasihi, kabla kanda na simu zilizozihifadhi hazijaharibika. Pili, watunzi watazame upya mnyambuliko wa kitenzi wanachokipenda. Kutokana na amka tuna amsha, na kutokana na amsha sarufi yetu inaruhusu amshana. Kauli hii ya kutendana haina nafasi kubwa katika lugha ya uamsho, ingawa ndiyo pekee inayohitaji watu wawili, wote waliolala, kila mmoja akiwa na mkono begani mwa mwenzake. Katika wilaya ambamo Mbembe na Munyamulenge waliimba tenzi zile zile, sioni kitenzi kingine kinachongoja wimbo wake kwa haraka zaidi.